Ndege wa Maji Wako Hapa Kwetu
(Mazungumzo na wakazi wa Runyenjes)



Wengi wetu tunadhani kuona ndege wa baharini ni lazima upande basi hadi Watamu. Sina ubaya na Watamu. Kule kuna Kisiwa cha Nyangumi, mwamba mdogo ambako buabua hutaga mayai. Lakini kuna buabua wanaokuja wenyewe huku bara. Kati ya Oktoba na Aprili, buabua mabawa-meupe hutoka Ulaya na Asia, na huonekana wakiparuza maji ya mabwawa ya Mto Tana.

Mahali pa kuwatafuta ni Hifadhi ya Taifa ya Mwea, huko Mbeere Kusini. Ilitangazwa mwaka 1976, miaka miwili baada ya Kamburu kuanza kutoa umeme. Pale majini utaona furukombe, mnandi na mdiria. Beba darubini, hata ya kuazima.

Sasa kuhusu boti. Msipande boti ya mtu yeyote tu kwa sababu bei ni nafuu. Ulizeni askari wa KWS langoni, vaeni jaketi la kujiokoa, na nahodha akikaribia viboko ili mpige picha, mwambieni arudi nyuma. Kiboko si ng'ombe. Jioni hutoka majini kula nyasi, na mtu akimkuta njiani akiwa kati yake na maji, hapo ndipo watu hufa. Mamba naye hana haja ya kuelezwa.

Lakini ndege ninayemwonea fahari zaidi hahitaji boti. Ni zogoyogo wa Hinde. Ana rangi ya kahawia yenye madoa meupe na macho mekundu, huishi kwa vikundi na ana kelele kama watu wa soko. Duniani kote yuko Kenya pekee, na yuko hatarini. Mwea ni hifadhi anakojulikana kuishi, lakini wengi wao wako nje ya uzio, kwenye vichaka vya mabonde, kando ya mashamba kama haya yetu ya kahawa.

Najua lantana inasumbua na kila mtu anataka shamba safi. Nami nimefyeka. Ombi langu ni hili: ukifyeka, acha kichaka kando ya kijito, na ukisikia kelele za zogoyogo ndani yake, chungulia kama kuna kiota kabla ya kuinua panga.