Baiskeli ya Simuni na Kitabu cha Kioo

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Mbinga na Nyasa.



Mtu anayeondoka Mbinga mjini kuelekea Mbamba Bay hana budi kuteremka. Barabara ya lami ya kilomita 66 huanzia katika milima ya Umatengo, penye mashamba ya kahawa na ngoro, na kuishia kwenye Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 474 tu juu ya usawa wa bahari. Aliyeketi ndani ya basi huona mandhari. Aliye juu ya baiskeli huona jambo jingine kabisa: huona breki zake.

Vitu viwili vimeanza kuingia katika nyumba nyingi za walimu. Cha kwanza ni baiskeli ya bei nafuu, inayochaguliwa kwa picha katika simu na kulipiwa kwa simu. Cha pili ni kifaa cha kusomea vitabu visivyo na karatasi. Wapo watakaouliza vitu hivi vinahusiana nini. Vinahusiana kwa sababu mnunuzi na mtumiaji ni mwalimu yuleyule mwenye mshahara uleule, na kwa sababu vyote viwili vimebuniwa mbali sana, na watu ambao hawakupata kuuona mteremko wa Umatengo wala jua la saa saba mchana pale Liuli.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko ufukoni, ambaye nyumba yake iko kilomita nane kutoka shuleni. Anaona picha ya baiskeli nyekundu yenye gia 21 na springi za mbele. Bei yake iko chini ya ile ya dukani. Anatuma fedha, naye muuzaji anapakia boksi katika basi litokalo Dar es Salaam. Boksi linafika. Ndani mna baiskeli nusu, yaani usukani umelazwa, gurudumu la mbele na pedali vimefungwa pembeni, na karatasi ya maelezo imeandikwa kwa Kichina. Spana hakuna. Jioni hiyo mwalimu na jirani yake wanaiunganisha kwa koleo, na kesho yake wanafunzi wanaizunguka kwa shangwe kana kwamba ni gari.

Mwezi wa kwanza unapita salama. Kisha mvua zinaanza. Rimu za baiskeli nyingi za bei ya chini ni za chuma kilichopakwa kromu, na breki zake ni vipande vya mpira vinavyobana rimu hizo. Chuma cha namna hiyo kikilowa maji, mpira huteleza juu yake, na baiskeli ambayo ikiwa kavu ingesimama mara moja huendelea mbele hatua nyingi. Katika nchi tambarare kasoro hiyo ni usumbufu. Katika mteremko wenye korongo upande mmoja ni suala la uhai. Springi za mbele, zilizompendeza sana mwalimu katika picha, huongeza uzito tu wakati wa kupanda. Na wenzo wa gia, ambao ni wa plastiki, ukivunjika, fundi aliyeko chini ya mwembe huigeuza baiskeli miguu juu, huitazama kwa heshima, kisha husema kwamba kipuri hicho hana, wala Mbinga mjini hakipo.

Fundi huyo si mjinga. Kwa miaka mingi ametengeneza Phoenix. Anazijua koti pini zake, anaujua mnyororo wake, na akikosa nati moja huitoa katika fremu kuukuu iliyolala nyuma ya banda. Kadhalika wazee wanaikumbuka Swala, baiskeli iliyoundwa hapa nchini na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli. Baiskeli hizo zilikuwa nzito, na hakuna aliyezisifu kwa mbio. Lakini maarifa ya kuzitengeneza yalikuwa yamekwisha kuenea kijijini, na maarifa hayo ni sehemu ya thamani ya chombo ingawa hayaandikwi katika bei. Mnunuzi wa simuni hulipia chuma na rangi. Maarifa hayaletwi na basi.

Hata mwenye Phoenix hajaepuka mtego huu. Mwalimu mwenzake, aliyerithi baiskeli ya baba yake, anaagiza tairi la namba 28, kwa kuwa ndiyo namba iliyoandikwa kwenye tairi lililochakaa. Anapokea tairi jipya la namba 28, lakini haliingii kwenye rimu hata likivutwa na wanaume wawili. Sababu ni kwamba namba hiyo hutumika kwa vipimo viwili tofauti. Rimu ya Phoenix ya zamani hushika tairi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 635, ambapo tairi la 28 linalouzwa zaidi duniani siku hizi ni la milimita 622. Tofauti ni milimita 13, upana wa kidole, na kwa upana huo wa kidole nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam imepotea. Kipimo cha kweli huchapwa kwa tarakimu ndogo ubavuni mwa tairi, nacho ndicho cha kumwandikia muuzaji.

Muuzaji naye ana wajibu wake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka ajitambulishe na aeleze bidhaa yake sawasawa. Asiyetaja jina wala mahali alipo, na ambaye hana ila picha na namba ya kupokelea fedha, hastahili mshahara wa mwalimu.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuachana na vitu vipya. Si kweli. Baiskeli zilizotumika za kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama, zimewafaa wanawake wengi wa nchi hii, kwani mtu huipanda akiwa na sketi au kanga bila taabu, na breki yake ya nyuma imefichwa katikati ya gurudumu na haitegemei rimu iliyolowa.

Sasa vitabu. Viliwahi kufika ufuko huu kwa maji: meli Chauncy Maples ya wamisionari, iliyoanza safari mwaka 1901, ilikuwa shule, zahanati na kanisa kwa pamoja. Baadaye taifa zima lilijifunza kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, baada ya kampeni ya elimu ya watu wazima, ilikadiriwa kwamba wamebaki kama 10 tu. Lakini mtu aliyejifunza kusoma huhitaji kitu cha kusoma, na hapo ndipo vijiji vingi vilipokwama. Kitabu kilipochakaa hakikuletwa kingine.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipelekwa katika sekta ya elimu, na kuanzia Novemba mwaka huo walimu wakaanza kugawiwa. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa ufukoni aliweza kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kushika vitabu vya kiada vya madarasa yote bila kungoja lori. Hilo ni jambo kubwa, na halisemwi vya kutosha.

Hata hivyo kioo kina tabia zake. Kishikwambi hutoa mwanga chenyewe. Muda wote kinapowaka kinakula umeme, na chini ya jua la ziwani huwa kama kioo cha kujitazamia: mwalimu huona uso wake mwenyewe mahali pa sura ya tatu. Vifaa vilivyoundwa kwa kusoma tu hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani ya kioo chake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma chembe hizo juu au chini, herufi zikaonekana, na baada ya hapo chembe hubaki zilipo bila umeme wowote hadi ukurasa ugeuzwe. Ndiyo maana betri yake hudumu kwa majuma, na kusoma juani ni kama kusoma karatasi. Kwa nyumba yenye paneli ndogo ya jua, inayogombewa na taa na simu tatu, tofauti hiyo si ya anasa.

Upungufu wake ni mmoja, nao ni mzito: maduka ya vitabu vya vifaa hivyo yamejaa Kiingereza. Anayenunua kwa matumaini ya riwaya za Kiswahili atapata chache. Na kwamba Kiswahili kinaweza kufundishwa kwa kioo kimekwisha kuthibitishwa hapahapa nchini. Katika shindano la XPRIZE, lililomalizika mwaka 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga walipewa kompyuta bapa zenye masomo kwa Kiswahili. Zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja walipoanza. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Waandishi wapo, wasomaji wapo. Kinachongojwa ni wachapaji wa nchi hii kuweka vitabu vyao mahali ambapo mwalimu wa Lituhi anaweza kuvilipia kwa simu ileile aliyonunulia baiskeli.

Kuhusu baiskeli yenyewe, ile nyekundu, fundi wa chini ya mwembe hatimaye aliipatia ufumbuzi. Aliziondoa gia zote akabakiza moja, akakata mnyororo kwa urefu alioujua, akabadilisha mipira ya breki, na nyuma akafunga keria ya Phoenix. Kwenye mteremko mkali mwenyewe hushuka na kuisukuma, kishikwambi kikiwa kimefungwa kwenye keria ndani ya mfuko wa nailoni.