Nyumba zisimeze mashamba ya Sydney

Kupanga makazi ya watu, misitu na chakula kila kimoja kivyake ni kosa, na Sydney inalilipia. Doonside, magharibi mwa jiji hilo, bado ina mabaki ya msitu wa Cumberland Plain katika hifadhi ya Nurragingy. Kwingineko sehemu kubwa imeshafyekwa, na tangu 2009 msitu huo umeorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mashamba nayo yanafuata. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney walikadiria kuwa bonde la Sydney, lililokuwa likitoa takribani asilimia 20 ya chakula cha jiji, lingeweza kubakiwa na asilimia 6 tu ifikapo 2031, kama ujenzi ungeendelea kutambaa.

Watu wanahitaji nyumba, hilo halina ubishi, wakiwemo wenzetu waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki. Wapo wanaosema mboga zitaletwa kutoka mbali. Lakini mwaka 2022 mafuriko ya Queensland na New South Wales yalipandisha bei ya letasi moja hadi dola 10 na zaidi, na familia za kipato kidogo ndizo zilizoumia. Basi maghorofa yajengwe karibu na vituo vya treni, kama hicho cha Doonside, na ardhi ya kilimo iliyosalia ilindwe kisheria kabla kibali kingine cha viwanja hakijatolewa.