Mgongo wa Mbeba Gunia

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na watunza ghala wa vyama vya msingi)



Katika vitabu vya chama kila kitu kina safu yake: kilo zilizopokelewa, magunia yaliyotoka, turubai, kamba, hata punguo la ghalani. Kisicho na safu ni mgongo wa mtu anayelishusha gunia kutoka kwenye mizani na kulipandisha juu ya lori. Akiumia, hutoweka kimya, na msimu unaofuata huja kijana mwingine.

Jambo hili si dogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, nayo ndiyo yanayoongoza kwa kuwaondolea watu uwezo wa kufanya kazi. Mkoani Shinyanga mkulima huyapata katika palizi ya pamba, akiinama na jembe la mkono tangu alfajiri. Kule Geita, nje ya migodi mikubwa yenye mitambo, mchimbaji mdogo huingia duarani akachuchumaa na nyundo na tindo mahali asipoweza kusimama wima. Wenzake huvuta viroba vya mawe kwa kamba, na akina mama huketi chini wakiponda mawe kwa nyundo, mkono mmoja ukirudia pigo lile lile kutwa nzima.

Kwa nini kiuno? Kila mtunza ghala anaijua mizani: jiwe dogo likiwekwa mbali kwenye mkono wake hulingana na gunia zima. Mgongo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa hasara ya mwenyewe. Mzigo uko mbali mbele ya mwili, na misuli inayouzuia iko karibu mno na uti. Hivyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mzigo, na nguvu hiyo huvikandamiza visahani laini vilivyo kati ya pingili. Ndiyo maana gunia lililokumbatiwa kifuani ni jepesi kuliko lile lile lililoshikwa kwa mikono iliyonyooshwa, na kupinda kiuno huku umebeba ni kubaya kuliko kugeuka kwa miguu.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Sasa iangaliwe lumbesa ya mpunga au ya choroko! Lumbesa imepigwa vita miaka mingi kwa kuwa humpunja mkulima, na ni haki. Lakini ni wachache waliosema kwamba humpunja pia mbebaji, ambaye hulipwa kwa gunia na si kwa kilo: gunia likivimba, ujira wake haubadiliki. Chama kikiamua kupokea na kulipa kwa magunia madogo, kitaondoa dhuluma mbili kwa azimio moja. Kigari cha magurudumu mawili na ubao wa kupandia lori si anasa; fundi wa kijijini anaweza kuvitengeneza.

Wazee wa Usukuma hawakulima kila mtu peke yake. Bagobogobo walilima kwa ngoma na kwa zamu, na aliyechoka alipata nafasi ya kunyoosha mgongo bila kuitwa mvivu. Mbeba gunia wa leo hana ngoma wala zamu. Ana foleni ya malori.

Dawa nazo zina hadithi yake. Wengi hununua vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza kila asubuhi ili kazi iendelee. Vidonge kama diklofenaki, vikitumiwa muda mrefu bila mganga, huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Kulala kitandani wiki nzima pia hakusaidii. Kiuno cha kawaida hupona upesi zaidi mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Lakini miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, haja zikitoka bila kujizuia, au maumivu yakiandamana na homa na kukonda, mtu apelekwe hospitali bila kuchelewa. Katika wilaya za wafugaji maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela unaouma viungo na mgongo, na kifua kikuu, kinachowanyemelea wavuta vumbi la mawe, huweza kuingia ndani ya uti wenyewe.

Limebaki suala la fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko kwa ajili ya walioajiriwa. Mbebaji anayelipwa mkononi jioni, bila jina lake kuandikwa mahali popote, atathibitishaje kwamba aliumia ghalani? Daftari la vibarua, lenye jina, tarehe, kazi na ajali iliyotokea, hugharimu bei ya daftari moja. Lifunguliwe kabla ya mizani ya msimu ujao.