Perege Hakuumbwa Samoni
Jirani yangu alikopa fedha akachimba bwawa la perege. Muuzaji mmoja akamhakikishia kwamba mafuta ya samaki wa baharini hukuza haraka, basi akawa anayachanganya na pumba kila siku. Baada ya miezi sita perege wake walikuwa sawa na vidole.

Si kwamba tumbo la perege linashindwa kumeng'enya mafuta hayo. Samoni wa Norwei, wa bahari yenye baridi, huhitaji asidi za mafuta za omega-3. Perege wa maji ya joto huhitaji zaidi omega-6, iliyomo katika alizeti na soya, tena kidogo tu: karibu asilimia 1 ya chakula. Mafuta yakizidi hudumaza.

Nimemwambia anunue mashudu ya alizeti. Deni, hata hivyo, analipa yeye.