Mshale wa Pili: Kuutazama Ugonjwa na Kifo Bila Kutafuta wa Kulaumiwa

Mazungumzo na familia zilizokimbia vita na viongozi wao

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja: ugonjwa na kifo. Mtauliza: watu wa kazi ya amani wanatafuta nini huko? Jibu letu ni fupi. Ugomvi mwingi tunaouona kati ya majirani unaanzia kwenye matanga. Mtoto anashikwa na homa usiku, na kunapopambazuka amekwisha kufariki. Hata kabla hajazikwa, swali linaanza kuzunguka: nani amemloga? Nani amempa sumu? Kisha jina linatajwa. Mara nyingi ni jina la mama mzee asiye na mtu wa kumtetea, au la jirani wa kabila jingine. Mtu huyo akipigwa au akifukuzwa, kifo kimoja kimezaa cha pili, na watu waliokimbia vita pamoja wanageuka kuwa maadui.

Tunaamini kwamba mtu aliyejifunza kuutazama ugonjwa na kifo kwa utulivu si rahisi kuchochewa. Mafunzo ya namna hiyo yako katika dini nyingi. Leo tumechagua kuwaletea yale ya Wabuddha wa Asia, pamoja na yale ya watu waliotafakari bila kufuata dini yoyote. Hatuji kubadilisha dini ya mtu. Mkristo atabaki Mkristo, na Mwislamu atabaki Mwislamu. Tunaleta chombo cha kazi, kama mtu anayemwazima jirani jembe.

Mama aliyetafuta haradali

Wengi wenu mnaijua punje ya haradali katika Injili. Wabuddha nao wana habari yao ya haradali. Huko India ya kale, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, katika mji wa Savatthi, aliishi mama aitwaye Kisa Gotami. Mwanawe wa pekee alifariki angali mdogo. Mama yule alikataa kuamini. Alimbeba mtoto kifuani, akaenda mlango kwa mlango akiomba dawa. Watu walimcheka, wakasema ana wazimu.

Mwishowe alipelekwa kwa mwalimu Gautama, anayeitwa Buddha. Yeye hakumcheka wala hakumhubiria. Alimwambia alete punje za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Mama akatoka kwa matumaini. Katika kila nyumba haradali ilikuwapo, lakini alipouliza juu ya kifo, huyu alimtaja baba, yule mke, mwingine mtoto. Hadi jioni hakuna nyumba iliyokosa marehemu wake. Ndipo alipoelewa, akaenda kumzika mwanawe.

Tuangalie vizuri kilichomponya. Hakuambiwa kwamba uchungu wake ni mdogo. Alitumwa kwa majirani, akausikia uchungu wao. Asubuhi alikuwa mtu wa pekee aliyeonewa na dunia nzima. Jioni alikuwa mmoja wa wafiwa wengi. Sasa tujiulize: ikiwa tungepita leo kutoka hema hadi hema, na tena hadi kijiji cha wale tunaowaita maadui, tungeipata nyumba isiyo na marehemu?

Mambo matano na mishale miwili

Wabuddha wengi wana zoezi la kukumbuka mambo matano kila siku. La kwanza ni kwamba kila mtu atazeeka akiishi. La pili, kila mtu ataugua. La tatu, kila mtu atakufa. La nne, tutatenganishwa na watu na vitu tunavyovipenda. La tano, mali ya kweli tunayobaki nayo ni matendo yetu. Mtu akisikia mara ya kwanza anaweza kuona ni maneno ya kukatisha tamaa. Lakini Waswahili wamesema: mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kinachofichwa kinatushtua. Kinachotazamwa kila siku, kidogo kidogo, kinapungua ukali. Na lile la tano linatupa kazi: kama muda ni mfupi, tutautumia kumtendea nani nini?

Kuna pia mfano wa mishale miwili. Mtu akichomwa na mshale, anaumia. Huo ni wa kwanza, nao haukwepeki: homa, kidonda, kifo cha mpendwa. Kisha akili inarusha mshale wa pili palepale: kwa nini mimi, nani amenifanyia hivi, nitamlipiza vipi. Mshale wa kwanza unatoka nje. Wa pili tunaurusha sisi wenyewe, na mara nyingi unampata pia jirani. Kazi ya tafakari ni kuutambua ule wa pili ungali mkononi.

Wakimbizi wa Kamboja

Huenda mtu akasema: hayo ni ya watu wenye raha, wenye muda wa kukaa kimya. Basi tuitazame nchi ya Kamboja. Kati ya Aprili 1975 na Januari 1979, chini ya utawala wa Khmer Rouge, walikufa watu karibu milioni 1.7, kwa kuuawa, kwa njaa, kwa kazi ngumu na kwa magonjwa. Ilikuwa karibu robo ya raia wote. Watawa wa Kibuddha waliuawa au walilazimishwa kuvua mavazi yao.

Mtawa mmoja, Maha Ghosananda, alikuwa nchini Thailand wakati huo. Jamaa zake waliangamia nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kwenye kambi za wakimbizi mpakani, akajenga mahekalu madogo ya mianzi, akakaa na watu. Hakuwachagua. Katika kambi ya Sakeo, iliyofunguliwa mwaka 1979, walikuwamo wengi waliotoka upande wa Khmer Rouge. Hao nao aliwafundisha kutulia na kuwatakia viumbe wote mema.

Kisha, mwezi wa Aprili 1992, kabla wakimbizi wengi hawajarudi, aliongoza matembezi ya amani kwa miguu kutoka mpakani hadi mji mkuu, Phnom Penh. Wakimbizi wa kambini walitembea naye katika nchi iliyojaa mabomu ya ardhini. Njiani wengine walikutana na ndugu ambao hawakuwa wamewaona kwa miaka mingi. Alifundisha kwamba pamoja na mabomu ya ardhini yako pia mabomu ya moyoni, yaani chuki na woga, na kwamba nayo yanahitaji kuteguliwa taratibu, moja baada ya jingine. Alifariki mwaka 2007. Tunamtaja kwa sababu alikuwa mfiwa na mkimbizi, na kutafakari kwake kulimpeleka barabarani pamoja na watu.

Njia isiyo ya dini

Katika Roma ya kale aliishi Epictetus, mtu aliyezaliwa mtumwa na aliyekuwa kilema wa mguu. Baadaye alifukuzwa Roma pamoja na walimu wengine kwa amri ya mfalme Domitian, akaanza upya Ugiriki. Alifundisha kutenganisha mambo mawili: yaliyo katika uwezo wetu, na yasiyo katika uwezo wetu. Kuugua, kufukuzwa na kufa hayako mikononi mwetu. Namna tunavyoyapokea, na tunavyomtendea aliye karibu, iko mikononi mwetu. Somo hilo linatoka kwa mtu aliyejua maana ya kuhamishwa.

Mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza mafunzo ya hospitali kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuisha kwa matibabu. Alichukua mazoezi ya Kibuddha ya kuzingatia pumzi na mwili, akayafundisha bila sala wala sanamu, kwa majuma manane. Na huko London, mwaka 1967, daktari Cicely Saunders alifungua nyumba ya kuwatunza watu walio karibu na kufa. Alionyesha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nyingi: mwili, mawazo, familia na roho. Ukitibu upande mmoja tu, mwingine unaendelea kulia. Karibu na sisi, Uganda ilianza kazi kama hiyo mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopewa mafunzo maalum wanaruhusiwa huko kuandika dawa ya morfini kwa wenye maumivu makali.

Namna ya kufanya

Zoezi lenyewe ni rahisi. Kaa, au baki umelala kama unaumwa. Sikia pumzi ikiingia na ikitoka. Hesabu hadi kumi, kisha anza tena. Maumivu yakija, yataje kimoyomoyo: mguu unachoma, kifua kinabana. Wazo likija, litaje pia: hili ni wazo la woga, hili ni wazo la kulipiza. Usipigane nalo, rudi kwenye pumzi. Dakika tano zinatosha kuanza.

Tahadhari moja. Mtu aliyeona mauaji au aliyetendewa ukatili, akifunga macho, picha zinaweza kurudi kwa nguvu. Asilazimishwe. Afungue macho, ashike jiwe mkononi, atazame mti au mlima, azungumze na mtu anayemwamini. Akizidiwa, aache.

Ukikaa na mgonjwa ambaye hatapona, usijaze hema kwa maneno. Pumua naye. Muulize: tumwite nani? Kuna deni? Kuna neno unalotaka kumwambia mtu? Usimwambie mtoto kwamba baba amesafiri. Mtoto wa vita anajua kusubiri, atamsubiri. Mwambie kwa maneno mafupi kwamba baba amekufa, kwamba si kosa lake, na kwamba nani atamtunza sasa.

Yale ambayo tafakari haifanyi

Tusielewane vibaya. Kukubali kwamba kila mtu atakufa si kukubali kuuawa, wala kukubali mtoto afe kwa ukosefu wa dawa. Anayeharisha sana hahitaji kuhesabu pumzi. Anahitaji kituo cha afya, na njiani anyweshwe kidogo kidogo lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na aliyeuawa ana haki ya kutajwa, na familia yake ina haki ya kudai sheria. Moyo uliotulia unadai haki vizuri zaidi kuliko moyo unaotafuta mtu yeyote wa kumpiga.

Kwa viongozi

Tunakumbuka ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tangu ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa. Uvumi ulienea, na wahudumu wa afya walishambuliwa. Familia zilizozoea kumwosha marehemu wao ziliambiwa zisimguse. Uchungu huo ulikuwa wa kweli, na pale ambapo hakuna aliyeusikiliza, ukawa hasira.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Moja, mtu akifa, kiongozi afike mapema, kabla ya uvumi, akae na wafiwa. Mbili, mwulize mhudumu wa afya ugonjwa ulikuwa nini, na kwa ruhusa ya familia uelezeni wazi. Tatu, jina la mshukiwa wa uchawi au sumu likianza kutajwa, msiruhusu mkutano wa hasira. Mpelekeni mtu huyo mahali salama, na siku hiyo iwe ya kuzika na kulia. Nne, matanga yakiisha, wakusanyeni wafiwa wa pande zote, kila mmoja amtaje marehemu wake, bila kujibizana. Hiyo ndiyo safari ya Kisa Gotami, tukiifanya pamoja.

Ndugu zetu, vita vimechukua mashamba, nyumba na watu wetu. Mshale wa kwanza umekwisha kutuchoma wote. Wa pili bado uko mikononi mwetu, na tunaweza kuuweka chini. 

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika eneo lenu, watu husema nini kwanza mtu anapokufa ghafla? Maneno hayo yanaleta nini?
2. Ni desturi gani za matanga zinazosaidia wafiwa kutulia? Zipi zinachochea lawama?
3. Nani kati yenu anaweza kukaa na mgonjwa ambaye hatapona, na mtampangia zamu vipi?
4. Ni familia gani ya upande mwingine mnayojua kwamba nayo imefiwa? Mnaweza kuwafikishia pole namna gani?