Gari Halipandi Mlima: Pima Sensa Kabla ya Kununua Turbo

Yafuatayo ni maelezo yaliyosomwa mbele ya madereva wa magari ya kaunti, wenye matatu na malori, na mafundi wa jua kali.



Ambulensi inampeleka mama mjamzito hospitali ya rufaa. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Inapofika mlimani, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, nguvu zinaisha na gari linapanda kwa gia ya pili. Mgonjwa yumo ndani na dakika zinapita. Kesho yake gari linapelekwa gereji, fundi anasikiliza kidogo na kusema: "Turbo imekufa." Turbo ni miongoni mwa spea ghali zaidi katika injini ya dizeli. Inanunuliwa, inafungwa, na wiki ya pili gari linakwama mlima ule ule.

Hasara hiyo inawapata pia wenye matatu na malori ya kubebea mazao, na mara nyingi inaepukika. Turbo huenda ni nzima, na kasoro iko kwenye kifaa kidogo kinachopima presha ya hewa yake. Vitabu hukiita kihisio, mafundi hukiita sensa.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Sensa hupima presha ya hewa hiyo na kuipelekea kompyuta ya gari habari kwa njia ya umeme. Kompyuta hutegemea habari hiyo inapoamua kiasi cha dizeli. Sensa ikisema presha imepita kiasi, kompyuta hupunguza nguvu ili kulinda injini. Ikisema presha ni ndogo, kompyuta hupunguza dizeli. Habari ikiwa ya uongo, gari huadhibiwa bila kosa.

Hatua ya kwanza ni kusoma kodi kwa mashine, na kuziandika kabla ya kuzifuta. Fundi akizifuta kwanza, amefuta ushahidi. Kodi P0299 inamaanisha presha ya turbo ni ndogo kuliko inayotakiwa, na P0234 kwamba imezidi. P0236 husema usomaji wa sensa hauendani na hali ya gari. P0237 na P0238 huonyesha kwamba umeme wa sensa uko chini mno au juu mno. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "nunua turbo". P0299 inaweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka, na P0237 inaweza kuletwa na waya uliochubuka.

Hatua ya pili haihitaji hata kuwasha injini. Gari likiwa limezimwa, fungua swichi tu, kisha tazama kwenye mashine usomaji wa presha ya turbo. Injini haizunguki, kwa hiyo sensa inapaswa kuonyesha presha ya hewa ya mahali gari lilipo. Saa ya kupimia matairi husoma sifuri ikiwa mkononi kwa sababu hupima presha ya ziada pekee. Sensa ya turbo kwa kawaida hupima presha yote, pamoja na ile ya hewa tunayovuta.

Hapa ndipo mafundi wengi wa nyanda za juu hukosea. Vitabu vingi hutaja kilopaskali 101, lakini hiyo ni presha ya usawa wa bahari. Mombasa ni sahihi. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua, takriban kilopaskali 1 kwa kila mita 100. Kisumu usomaji wa kawaida ni karibu 88, Nairobi karibu 83, na Eldoret karibu 79. Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hushuka hadi karibu 72. Sensa inayosoma 79 ikiwa Eldoret ni nzima, na anayeitupa ametupa kitu kizuri. Inayosoma 101 pale pale ndiyo ya kutiliwa shaka. Kompyuta nyingi za magari zina kipimo chao cha hewa ya nje. Linganisha namba hizo mbili. Zikipishana kwa kilopaskali 2 au 3, si neno. Zikipishana kwa 10 au 15, anza kuchunguza sensa na nyaya zake.

Hatua ya tatu ni kupima gari likiwa kazini. Dereva aendeshe mlimani, na mtu mwingine ashike mashine. Dereva asisome mashine akiwa kwenye usukani. Linganisha presha inayotakiwa na kompyuta na presha inayopatikana. Kwenye mzigo mzito, presha hiyo inapaswa kupanda mbali juu ya hewa ya nje.

Kuna sensa inayosema kweli gari likiwa limesimama na kudanganya likiwa mwendoni. Hiyo ni sensa iliyoziba. Masizi na mafuta ya injini hujenga tope jeusi kwenye tundu lake. Katika baadhi ya dizeli za Toyota, sensa hukaa mbali na huunganishwa kwa mpira mwembamba, ambao nao huziba au kupasuka. Gari likiwa limezimwa, presha hupata muda wa kusawazika, na namba huonekana nzuri. Ukikanyaga mafuta, usomaji huchelewa kupanda, na ukiachia huchelewa kushuka. Usomaji mzito wa namna hiyo ni dalili ya kuziba.

Sensa ikionekana sawa lakini presha ni ndogo, tafuta hewa inakovujia. Pitisha mkono chini ya mipira mikubwa inayokwenda na kutoka kwenye intakula. Ufa mara nyingi huwa upande wa chini, nao hufunguka presha ikipanda tu. Alama ya mafuta na vumbi kwenye kiungo, au sauti ya hewa inayovuja wakati wa kupanda, huonyesha mahali.

Mwisho pima nyaya. Sensa nyingi zina waya tatu: wa kuleta volti 5, wa ardhi na wa ishara. Baadhi zina wa nne, wa kupima joto la hewa. Volti 5 zikikosekana kwenye plagi, sensa mpya haitasaidia. Tazama pia kutu kwenye plagi, na mahali nyaya zinaposuguana na chuma.

Sensa chafu husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, kisha huachwa ikauke. Usiingize sindano wala waya kwenye tundu, na usitumie hewa ya kompresa, kwa sababu ndani mna utando mwembamba unaoharibika upesi. Kisha uliza tope limetoka wapi. Usipopata chanzo, litarudi.

Kwa dereva, mambo ni matatu. Nguvu zikipotea, usikanyage mafuta hadi mwisho huku moshi mweusi ukitoka. Simama mahali salama, zima gari, kisha liwashe tena. Mara nyingi nguvu hurudi kwa muda, lakini hiyo si matengenezo, na ambulensi yenye dalili hiyo isipangiwe safari ya rufaa kabla ya kukaguliwa. La pili, ukisikia mlio mkali wa turbo, ukaona moshi wa buluu au mafuta ya injini yakipungua haraka, zima injini mara moja. Hapo turbo yenyewe iko hatarini, na injini inaweza kuanza kunyonya mafuta yake. La tatu, andika kwenye daftari la safari: gari lilikuwa wapi, mlima au tambarare, mzigo kiasi gani, na taa iliwaka lini. Mistari hiyo minne humwokolea fundi nusu siku.

Mwenye gari naye ana haki ya kumwuliza fundi swali moja kabla ya kutoa pesa: "Swichi ikiwa wazi na injini imezimwa, sensa ilisoma ngapi?" Fundi aliyepima atakuwa na namba. Asiye na namba bado hajapima.