Kumtafuta Askari Namba 1373

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Niliombwa niseme habari ya utafiti wa historia. Nimechagua habari ya askari mmoja wa Kiingereza wa zama za Malkia Victoria, na najua wako watakaouliza, kwa nini Mwingereza? Sababu ni sinema. Wa rika langu watakumbuka Jumamosi ile tulipotundikiwa shuka jeupe humu ukumbini, jenereta ikanguruma nje, tukaonyeshwa filamu iitwayo Zulu, iliyotengenezwa mwaka 1964. Inahusu mapigano ya Rorke's Drift, katika nchi ya Natal, tarehe 22 na 23 Januari 1879. Ndani yake yumo askari aitwaye Hook, mlevi na mtegaji, anayejilaza hospitalini ili akwepe kazi.

Katika bweni letu alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye hakupita wiki bila kwenda zahanati. Usiku ule ule akapewa jina la Huku. Likamganda mpaka kidato cha nne. Aliyempa jina hilo ni mimi.

Miaka mingi baadaye nilikuwa London kwa masomo. Siku moja nikasoma mahali kwamba Hook wa kweli hakuwa mtu yule. Sikulala vizuri. Nikaanza kumtafuta.

Kwanza nilijifunza kwamba jina halitoshi. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Churcham, Gloucestershire, akaitwa Alfred Henry. Jeshini alikuwa Henry tu. Anayemtafuta Henry katika daftari za vizazi atampita mlangoni. Kwa askari, ufunguo ni namba, na yeye alikuwa 1373, Kombania B, Batalioni ya 2 ya Rejimenti ya 24. Katika kombania hiyo akina Jones walikuwa wengi hata wakatajwa kwa namba zao. Wawili kati yao, 593 na 716, walipata Victoria Cross, nishani ile ile aliyopata Hook. Basi vijana, mkikuta karatasi za jeshi za babu sandukuni, nakilini namba kabla ya kitu kingine chochote.

Nyaraka za jeshi lao zimehifadhiwa Kew, London. Huko nilikwama. Majalada ya askari walioachishwa kabla ya mwaka 1883 yaliyotunzwa ni ya wale waliopewa pensheni. Aliyelipa fedha ili atoke jeshini hakutunziwa jalada, na Hook alijinunua mwaka 1880. Nikaelekezwa kwenye vitabu vya mishahara. Vitabu hivyo havina utamu hata kidogo. Kila askari ana mstari wake: alikuwa wapi, alilipwa nini, alikatwa nini. Macho huuma. Lakini ulevi wa askari wa zamani huonekana hapo kuliko mahali pengine, kwa sababu aliyefungwa kwa ulevi hukatwa mshahara, na karani wa mishahara hana sababu ya kumpendelea mtu wala kumchukia.

Kumbe Hook, muda mfupi kabla ya mapigano, alikuwa amepewa posho ya mwenendo mwema. Kiwango cha kwanza cha posho hiyo kilikuwa peni moja kwa siku. Mlevi haipati. Na wanaoandika habari zake wanasema kwamba hakuwa mtu wa pombe kabisa.

Kutoka hapo nikaenda kwenye magazeti. Siku hizo yalisomwa Colindale, kaskazini ya London, kwenye jengo lililofungwa mwaka 2013. Sasa mengi yamepigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, na kijana mwenye simu anaweza kufanya kwa saa moja niliyoyafanya kwa wiki mbili. Sijui kama nimwonee wivu. Yule wa simu huandika neno moja akaletewa mstari mmoja. Mimi nililazimika kufunua kurasa zote, nikasoma bei za ngano na matangazo ya dawa za tumbo, nikaielewa nchi yenyewe.

Lakini magazeti yanataka kusomwa kwa hadhari. Mwaka 1879 waya wa simu ulikuwa haujafika Afrika Kusini, na habari ilisafiri kwa meli mpaka ilipoukuta waya njiani. Waingereza walishindwa vibaya na Wazulu kule Isandlwana tarehe 22 Januari. London ilipata habari tarehe 11 Februari, siku 20 baadaye. Ilipofika, magazeti ya miji midogo yaliinakili kutoka kwa yale makubwa. Ukiona magazeti kumi yanasema jambo moja, chunguza kwanza kama si moja lililonakiliwa mara tisa.

Lililonisaidia zaidi ni gazeti la serikali, London Gazette, la tarehe 2 Mei 1879. Linaeleza kwamba hospitali iliposhambuliwa, John Williams na Hook walishirikiana: mmoja akitoboa kuta, mwingine akiwazuia adui kwa singe, chumba baada ya chumba, mpaka wakawatoa wagonjwa wanane kupitia dirisha dogo. Nyumba ilikuwa ya nyasi na ilikuwa ikiungua. Na Hook alikuwamo hospitalini kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapikia wagonjwa. Hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo.

Baada ya jeshi alifanya kazi British Museum zaidi ya miaka 20, akipangusa vumbi la vitabu, kisha akitunza miavuli na makoti ya wasomaji. Alifariki tarehe 12 Machi 1905 kwa kifua kikuu. Inasimuliwa kwamba mabinti zake, wakiwa wazee tayari, walitoka nje ya ukumbi filamu ile ilipoonyeshwa mara ya kwanza London.

Nisiwafiche jambo moja. Karatasi hizo zilizomsafisha Hook zina upande. Waingereza 17 waliokufa Rorke's Drift wameandikwa kwa majina na namba. Wazulu waliookotwa pale wameandikwa kwa hesabu: zaidi ya 350. Majeruhi wao waliuawa asubuhi yake, na hao hawana hata mstari. Tunachojua kutoka upande wao kinatokana zaidi na wazee waliosimulia, kama wale walioandikiwa maneno yao na James Stuart, hakimu wa Natal, kuanzia mwaka 1897. Mwenye bibi au babu nyumbani asingoje mpaka kuwe na jalada.

Namalizia na mwenzetu wa bweni. Alikuwa na pumu. Mwuguzi wa zahanati alijua, mama yake alijua, na sisi tuliolala vitanda vya jirani tukimsikia akikoroma usiku tulicheka. Mwaka huu nilimpelekea barua yenye nakala ya ukurasa wa Gazette, nikamwomba ruhusa ya kuyasema haya mbele yenu. Alinijibu kwamba niseme, ila nisimtaje, na kwamba atakaa safu ya tatu aone kama nitathubutu.

Ndugu yangu, nakuona. Jina lile nalifuta leo, mahali pale pale nilipokupa. Niwie radhi.